Joshua Lionel Cowen: Fundi aliyeiingiza treni sebuleni

Burundi haina reli. Mkazi wa Rumonge anayetaka kuiona treni kwa macho yake hana budi kuufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini hadi Kigoma, ambako reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Au avuke maji hadi Kalemie, upande wa Kongo, ambako reli ya Wabelgiji ilifika mwaka uliofuata. Mpango wa kuunganisha Uvinza ya Tanzania na Musongati ya Burundi umekwisha kutiwa saini, lakini garimoshi la kwanza bado linasubiriwa.

Hata hivyo, watoto wengi wa mwambao huu, kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, huifahamu treni kabla ya kuiona. Wengine huiunda kwa makopo na nyaya, magurudumu yakikatwa kwenye nyayo za kandambili zilizochakaa. Wengine hununuliwa ile ya plastiki inayokwenda kwa betri na kuamrishwa kwa rimoti. Hiyo ya dukani mara nyingi hutembea siku chache, kisha husimama. Hapo ndipo huzuka swali linalotenganisha nyumba na nyumba: je, itupwe au ifunguliwe?

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maisha ya mtu mmoja, Joshua Lionel Cowen wa New York, aliyefariki mwaka 1965. Jina lake la kati, Lionel, liliandikwa ubavuni mwa mamilioni ya treni za kuchezea. Alitajirika kwa kuuza vichezeo vilivyokubali kufunguliwa, na mojawapo ya bidhaa zake zilizomwangusha ilikuwa treni iliyoamrishwa kwa mawimbi ya redio.

Mtoto wa wahamiaji

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1877 katika jiji la New York, akiwa wa nane kati ya watoto tisa wa familia ya Kiyahudi iliyohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Wakati huo ukoo wake uliitwa Cohen. Yeye alilibadilisha jina hilo kuwa Cowen mwaka 1910, alipokuwa tayari mfanyabiashara.

Husimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka saba alichonga kichwa cha treni kwa mti, akakitia injini ndogo ya mvuke, na injini hiyo ikalipuka na kuharibu karatasi za ukutani jikoni kwa mama yake. Chanzo cha kisa hicho ni Cowen mwenyewe, naye alikuwa bingwa wa kuyapamba maisha yake, hivyo waandishi wa historia hukipokea kwa tahadhari. Lisilo na shaka ni kwamba tangu utotoni alivutiwa zaidi na matumbo ya mashine kuliko sura zake. Alijiunga na vyuo vya juu vya New York, kikiwemo Columbia, lakini hakumaliza masomo. Aliacha darasa akaingia karakana.

Mwaka 1899 alipata hataza ya kifaa cha kuwashia unga wa mwanga uliotumiwa na wapiga picha. Siri ya kifaa hicho ilikuwa ndogo: betri kavu hupasha moto waya mwembamba, na waya huo huwasha unga. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliona kwamba waya uleule ungeweza kuwasha baruti, likamwagizia viwashio 24,000 vya mabomu ya majini, kwa malipo ya dola 12,000. Kijana wa miaka ishirini na mbili akajikuta na mtaji, bila kujua bado atautumia kwa nini. Mwaka 1900, pamoja na mwenzake Harry Grant, alifungua kampuni akaipa jina lake la kati.

Kisanduku cha dirishani

Miongoni mwa mambo aliyoyajaribu wakati huo ni feni ndogo ya umeme. Feni haikupata wanunuzi, lakini mota yake ilibaki mezani, ikingoja kazi nyingine.

Mwaka 1901 Cowen alikuwa na wazo la kuvutia macho ya wapita njia kwenye dirisha la duka moja katika mtaa wa Cortlandt, Manhattan. Bidhaa iliyotulia haitazamwi, aliwaza. Inayotembea humsimamisha mtu. Akachukua kisanduku cha mti kisicho na kifuniko, akaifunga ile mota chini yake, akakiweka juu ya reli ya duara iliyopata umeme wa betri. Kisanduku kilizunguka siku nzima kikibeba bidhaa za duka.

Wateja waliingia dukani, lakini walichotaka kununua ni kile kisanduku chenyewe. Mwenye duka akarudi kuagiza vingine. Cowen akang'amua kwamba tangazo lilikuwa limeishinda bidhaa, naye hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Mwaka uliofuata alitoa katalogi yake ya kwanza.

Hakuwa wa kwanza. Wajerumani walikuwa mabingwa wa vichezeo vya bati kwa miongo kadhaa, na huko Cincinnati kampuni ya Carlisle & Finch ilikuwa imeanza kuuza treni ndogo za umeme tangu miaka ya 1890. Alichowazidi wenzake Cowen ni kuelewa kwamba mnunuzi hanunui treni moja akaishia hapo. Hununua reli, kisha daraja, kisha behewa, kisha taa ya ishara. Treni yake ilikuwa mwanzo wa mji mzima, na mji hauishi kujengwa.

Kiwandani alimtegemea mhamiaji kutoka Italia, Mario Caruso, aliyeanza kama fundi wa kulehemu akapanda hadi kuwa msimamizi wa uzalishaji wote. Cowen alikuwa na maneno na mawazo. Caruso alikuwa na jicho la kuona kiungo kilicholehemiwa vibaya. Katalogi za Lionel hazikuona haya kuzidharau treni za wapinzani kwa bati lao jepesi, na ni kazi ya akina Caruso iliyozuia majigambo hayo yasigeuke aibu.

Reli ya tatu

Mwaka 1906 Cowen alianza kuuza reli yenye vyuma vitatu badala ya viwili. Reli za kweli hazina chuma cha katikati cha namna hiyo, na wapenzi wa treni wanaotaka kila kitu kifanane na cha kweli wamelilalamikia jambo hilo hadi leo. Lakini sababu yake ilikuwa ya fundi anayemjua mtoto.

Umeme huhitaji njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Treni ikitumia reli mbili, kila moja huwa njia yake. Mtoto akiipinda reli hiyo ikajirudia yenyewe, reli ya kushoto hukutana na ya kulia, njia mbili hugusana, na shoti hutokea. Kukiwa na reli tatu, ya katikati huleta umeme na mbili za pembeni huurudisha. Hata mtoto akiipinda vipi, ya katikati hubaki katikati. Cowen alichagua kuvunja mfano wa treni ya kweli ili asivunje furaha ya mtoto wa miaka minane anayepanga reli bila kuuliza mtu.

Umeme ulipoenea majumbani, betri ziliiachia nafasi transfoma, kifaa kinachoupunguza umeme wa ukutani uwe salama kwa vidole vidogo. Mkono wa transfoma ukawa usukani: ukisogezwa, treni huongeza au hupunguza mwendo. Lakini kuirudisha nyuma lilikuwa suala jingine. Mota za treni hizo zilikwenda kwa umeme geu, na mota ya aina hiyo haigeuki upande kwa kubadilishana nyaya mbili za nje tu, kama ifanyavyo mota ndogo ya betri. Kwa miaka mingi mtoto alilazimika kuinama, kuikamata treni na kusukuma kitasa.

Suluhisho lilikuwa mikononi mwa mpinzani, kampuni ya Ives. Mafundi wake walibuni kifaa kilichokaa ndani ya kichwa cha treni: pipa dogo lenye vipande vya shaba, linalosukumwa hatua moja na sumaku ya umeme kila umeme unapokatwa na kurudishwa. Hatua ya kwanza, mbele. Ya pili, simama. Ya tatu, nyuma. Ya nne, simama tena. Ives ilipofilisika mwaka 1928, Lionel na American Flyer ziliinunua kwa pamoja, na hataza ya kifaa hicho ilikuwa sehemu ya thamani kuu ya ununuzi huo.

Kifaa hicho kilileta pia hitilafu iliyowachanganya wazazi wengi. Reli ikiwa chafu, umeme hukatika kwa kitambo kidogo sana magurudumu yanapopita juu ya uchafu. Kifaa hudhani kimeamriwa, husogea hatua moja, na treni husimama ghafla katikati ya safari. Mzazi aliona mota imekufa. Fundi aliyejua alichukua kitambaa akasafisha reli.

Mwaka 1935 amri nyingine ya mbali iliongezwa. Treni ilitembea kwa umeme geu. Mtoto alipobonyeza kitufe, umeme kidogo wa mwelekeo mmoja, kama wa betri, uliongezwa juu yake kupitia reli zilezile. Kifaa ndani ya behewa lililofuata kichwa kiliutambua umeme huo peke yake, kikafungua feni ndogo, na hewa ikapiga filimbi. Amri mbili zikapita katika njia moja bila kugombana.

Siku za dhiki

Kati ya mafanikio hayo palikuwa na shimo. Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulizikuta treni za Lionel zikiwa kubwa, nzito na za bei ya juu. Mzazi aliyepoteza kazi hakununua treni. Mwaka 1934 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na mahakama, na Cowen, aliyekaribia miaka sitini, alikaribia kupoteza kila kitu.

Katika msimu huo kampuni ilitoa kichezeo cha ufunguo wa kukaza, kisichohitaji umeme: kigari kidogo cha relini kilichoendeshwa na Mickey Mouse na Minnie Mouse, kwa bei ya dola moja. Vilinunuliwa zaidi ya 250,000. Magazeti yalipenda kuandika kwamba panya ameiokoa kampuni. Waliopekua hesabu baadaye walionyesha kwamba faida ya kigari hicho haikutosha peke yake, na kwamba mfano wa treni mpya ya kasi ya kampuni ya reli ya Union Pacific ulichangia pakubwa. Mapema mwaka 1935 Lionel ilirudi mikononi mwa wenyewe.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, serikali ilizuia chuma kutumiwa kwa vichezeo. Kuanzia mwaka 1942 Lionel ilitengeneza dira na vifaa vingine vya wanamaji. Kwa Krismasi ya mwaka 1943, ili jina lisisahaulike, iliuza treni ya karatasi ya kukunja na kuunganisha. Ilisifika kwa kuwa ngumu kuunganisha hata kwa watu wazima.

Treni iliyosikiliza redio

Amani iliporudi, kiwanda kilikuwa na mafundi waliojifunza mengi katika miaka ya vita, na wateja waliokaa miaka mitatu bila treni mpya. Mwaka 1946 Lionel ilitoa vichwa vya treni vinavyotoa moshi. Katika mwaka huohuo ilitoa seti iliyotangulia wakati wake: treni ya kuchezea inayoamrishwa kwa mawimbi ya redio.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kisanduku chenye vifungo vya rangi kilirusha mawimbi kupitia reli, yakisafiri pamoja na umeme wa kuendeshea mota. Ndani ya kichwa na ndani ya kila behewa mlikuwa na kipokezi kilichorekebishwa kusikia masafa yake tu. Behewa lilibandikwa alama ya rangi iliyolingana na kitufe chake. Mtoto aliweza kuachanisha behewa alilolichagua, au kulimwaga kaa la mawe, mahali popote relini, wala hakuhitaji kulifikisha kwenye kipande maalumu cha reli kama ilivyokuwa kwa seti za kawaida.

Kwenye karatasi lilikuwa jambo la ajabu. Sebuleni lilikuwa jambo gumu. Seti ilikuwa ghali. Vipokezi vilihitaji kurekebishwa kwa uangalifu; kikilegea kidogo, behewa halikusikia amri yake, au lilijibu amri ya jirani. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba hitilafu hizo hazikuonekana kwa macho. Waya uliokatika huonekana. Brashi ya mota iliyokwisha huonekana. Masafa yaliyohama hayaonekani. Mtoto na baba yake walifungua kifuniko, wakatazama ndani, wakafunga tena wakiwa hawajaelewa lolote. Mwaka 1949 ulikuwa wa mwisho kwa seti hiyo kwenye katalogi.

Treni iliyofunguka

Kushindwa huko kunaonyesha kwa kinyume nguvu ya bidhaa zake nyingine. Treni ya kawaida ya Lionel ilifungwa kwa skrubu chache. Ukizitoa, gamba hunyanyuka, na mota hukaa wazi: brashi za kaboni, magurudumu ya meno, nyaya zenye nafasi ya kufikiwa na kidole. Kampuni ilichapisha miongozo ya matengenezo, iliuza vipuri vidogo vidogo, na iliidhinisha maduka ya mafundi katika miji mingi. Kijana aliweza kubadilisha brashi, kusafisha shaba zilizoungua, kutia tone la mafuta, na kuirudisha treni barabarani jioni ileile.

Ndiyo maana nyingi kati ya treni hizo, zenye umri wa miaka sabini na zaidi, bado hutembea. Wanaozimiliki wamezipaka rangi upya, wamezibadilishia taa, wamezitia mota za kisasa. Cowen hakuwauzia kitu kilichokamilika. Aliwauzia kitu cha kuendelea nacho.

Uvumbuzi wa mwaka 1950, kampuni ilipotimiza miaka hamsini, ulikuwa wa aina hiyo ya kueleweka. Kichwa cha treni chepesi huteleza kinapovuta mabehewa mengi mlimani. Lionel ilitia sumaku kwenye mhimili wa magurudumu, na sumaku ikayashika magurudumu kwenye reli ya chuma. Kila mtoto aliyewahi kuchezea sumaku alielewa papo hapo. Mwaka 1953 mauzo yalikaribia dola milioni 33, na Lionel ikahesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa vichezeo duniani.

Machweo

Kilele kilikuwa kifupi. Watoto wa miaka ya 1950 walianza kuziota ndege na roketi, na reli za abiria za Marekani zenyewe zilikuwa zikifungwa. Maduka ya bei nafuu yaliyapunguzia wateja maduka ya zamani yaliyouza treni na kuzitengeneza.

Kampuni nayo ilifanya makosa yake. Matangazo ya Cowen yalikuwa yamejengwa juu ya baba na mwana. Binti alichorwa akitazama kwa mbali, kama alichorwa kabisa. Mwaka 1957 Lionel ilitaka kurekebisha hilo kwa treni ya wasichana yenye kichwa cha rangi ya waridi. Haikuuzika. Wasichana waliopenda treni walitaka treni inayofanana na treni, kama kaka zao.

Cowen alikuwa amemwachia mwanawe Lawrence urais wa kampuni, yule ambaye sura yake ya utotoni iliwahi kupamba maboksi ya Lionel. Mwaka 1958 hesabu zilionyesha hasara. Mwaka 1959 mzee, akiwa na miaka themanini na miwili, aliuza hisa zake kwa kundi lililoongozwa na Roy Cohn, wakili mashuhuri wa kisiasa na mjukuu katika ukoo wake. Wenye mali wapya hawakuifufua. Cowen alifariki tarehe 8 Septemba 1965 huko Palm Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 88. Akazikwa New York, mji aliozaliwa.

Kilichobaki

Jina la Lionel lilinunuliwa na kuuzwa mara kadhaa. Katika miaka ya 1990 mmoja wa walioingia katika umiliki wake alikuwa mwanamuziki Neil Young, mzaliwa wa Kanada. Alikuwa na mwana mwenye ulemavu wa viungo, na alitafuta namna ya kumwezesha kuendesha treni kwa kitufe ambacho mkono wake ungekiweza. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa mfumo mpya wa Lionel wa kuamrisha treni kwa rimoti. Wazo la mwaka 1946 likarudi baada ya takriban nusu karne, wakati huu likiwa na vifaa vya elektroniki vilivyoliweza.

Rimoti ya plastiki inayouzwa leo katika masoko ya mwambao wa Tanganyika ni ndugu wa mbali wa kisanduku kile cha vifungo vya rangi, na kanuni za kutafuta hitilafu ni zilezile: fuata njia ya umeme tangu unapotoka hadi unapofika, na usiruke hatua.

Hatua ya kwanza ni betri, za treni na za rimoti. Unyevunyevu wa ziwani huzitia kutu springi zinazogusa betri, na betri iliyosahaulika ndani huvuja. Uchungu ule mweupe wa betri za alkalini husafishwa kwa pamba yenye matone machache ya ndimu au siki, kisha hukaushwa vizuri.

Hatua ya pili ni rimoti. Nyingi za bei nafuu hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Ukiielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, kamera nyingi zitaonyesha nukta ya mwanga ikimetameta. Isipoonekana, kosa huenda limo kwenye rimoti. Treni ya aina hiyo ikigoma nje na kutii ndani, aghalabu ni jua la mchana linalokizidi nguvu kipokezi. Zile za redio zina tatizo ambalo mafundi wa Cowen walilijua: treni mbili za masafa mamoja humtii yeyote anayebonyeza.

Hatua ya tatu ni mota na magurudumu. Mota ikilia bila treni kwenda, tatizo liko kwenye meno ya gia au mhimili: mchanga wa ufukweni, uzi wa nguo, unywele. Visafishwe kwa mswaki mkavu. Mafuta yafaayo ni tone moja la mafuta ya cherehani. Mawese, ambayo Rumonge imebarikiwa kuwa nayo kwa wingi, yabaki jikoni, kwani huganda na kuyanasa meno ya gia. Magurudumu yakizunguka bila kushika, ukanda mwembamba wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ukivishwa juu ya magurudumu yanayovuta, hufanya kazi iliyofanywa na sumaku za mwaka 1950. Kizito kidogo cha chuma juu ya magurudumu hayo huongeza nguvu. Na ikiwa baada ya kufunguliwa treni inakwenda nyuma unapoiamuru mbele, nyaya mbili za mota zimebadilishana nafasi, zirudishwe.

Kijana anayeyafanya hayo hahitaji kuwa na reli nchini mwake. Cowen naye alianzia kwenye mota ya feni iliyokosa mnunuzi na kisanduku cha mti.